Nyaya za USB za mbele ya kasha: plagi mbili zinafanana na pini moja imepinda

Mwana wa Wete aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Naomba msaada wenu katika jambo lililonisimamisha tangu jana usiku. Ninaunganisha kompyuta yangu ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, hapa Wete, kwa ajili ya duka langu dogo la kuchapisha na kutoa kopi lililo karibu na skuli. Ubao mama, prosesa na RAM ni vipya, niliviagiza kutoka Dar es Salaam. Kasha ni la mtumba, nililinunua Unguja likaja kwa meli, na kitabu chake cha maelekezo hakikuwemo.

Kasha hilo lina matundu manne ya USB mbele, mawili ya buluu na mawili meusi, pamoja na matundu mawili ya sauti. Kwa ndani zinatoka kebo tatu, ukiachilia mbali vile viwaya vyembamba vya kitufe cha kuwashia na vya vitaa, ambavyo nimeshavimaliza. Kebo ya kwanza ni nene na ngumu, na mwisho wake una plagi pana ya buluu yenye vitundu 19. Mbili zilizobaki zina plagi nyeusi zinazolingana kwa umbo na ukubwa, kila moja ikiwa na vitundu tisa katika safu mbili. Maandishi ya moja yamefutika kabisa, na ya pili imebaki herufi moja ambayo naweza kuisoma kama A au kama H. Kwenye ubao mama nako nimekuta sehemu nne za pini zenye ukubwa huo huo, zilizoandikwa F_AUDIO, F_USB1, F_USB2 na COM.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoniumiza zaidi. Nilipoisukuma ile plagi ya buluu katika soketi yake ilikataa, nikaongeza nguvu kidogo, ikakataa tena. Nilipoiinua na kumulika kwa tochi ya simu, nikaona pini moja imelala. Ni ya tatu ukihesabu kutoka penye pengo, katika safu hiyo hiyo yenye pengo. Haijakatika, imelala tu kuelekea kwa jirani yake. Hapo niliweka kila kitu chini nikafunika kasha kwa kanga.

Naomba mjue kwa nini naogopa. Wateja wangu wanakuja na flashi zao, na ndani yake mna kazi za chuo, barua za maombi ya kazi na vyeti. Mtu anaikabidhi flashi yake akiwa hana nakala nyingine popote. Siwezi kuchomeka flashi ya mtu kwenye tundu ambalo mimi mwenyewe sijui limeunganishwaje. Nitazitambuaje plagi hizi mbili, na pini ile nifanye nini?

Fundi wa Mlandege alijibu:

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Umefanya vizuri kusimama. Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa na USB mbovu ya mbele, ubovu wake ulianza pale mtu aliposukuma plagi iliyokuwa ikikataa.

Kabla hujagusa kitu, chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima kompyuta peke yake hakutoshi, kwa sababu aina nyingi za ubao mama hubakisha volti 5 kwenye soketi za USB maadamu pawa saplai inapata umeme. Ndiyo sababu utaona kompyuta imezimwa na simu inaendelea kuchajiwa. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe, ngoja kitaa cha ubao kizimike kama kipo, kisha gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu.

Sasa maandishi yaliyofutika yasikusumbue, kwa kuwa jibu liko kwenye pengo. Soketi ya USB 2.0, yaani ile ya polepole ya matundu meusi, ina nafasi kumi na pini tisa. Zihesabu hivi: nafasi ya 1, 3, 5, 7 na 9 ni safu moja, na ya 2, 4, 6, 8 na 10 ni safu inayokabiliana nayo. Isiyokuwa na pini ni nafasi ya 9, kwa hiyo pengo la USB liko kwenye kona kabisa. Soketi ya sauti nayo ina nafasi kumi na pini tisa, lakini inayokosa pini ni ya 8, maana yake pengo lake haliko kwenye kona, limeingia ndani kwa hatua moja. Geuza plagi zako uzitazame usoni: kila moja ina kitundu kimoja kilichozibwa. Iliyozibwa kwenye kona ni ya USB, na iliyozibwa hatua moja kutoka kwenye kona ni ya sauti. Ile COM, ya kuunganishia vifaa vya zamani, kwa kawaida inakosa pini ya 10, nayo ni kona vilevile, ila ni kona ya safu ya pili, na hata ukiigeuza plagi ya USB kichwa chini miguu juu haitalingana nayo.

Ukitaka uhakika zaidi, na mimi nautaka kila siku ijapokuwa kazi hii naifanya kwa miaka mingi, ivue ile plastiki ya mbele ya kasha na uifuate kebo kwa kidole kutoka kwenye plagi mpaka mwisho wake. Inayoishia kwenye matundu ya duara ya spika na maikrofoni haihitaji maelezo. Kosa la kuchomeka plagi ya sauti kwenye soketi ya USB si dogo, kwa sababu pini ya 1 na ya 2 za USB ndizo zenye volti 5, ilhali nafasi ya 2 kwenye kebo ya sauti ni waya wa ardhi, na vikikutana ni shoti.

Maandishi ya ubao mama hutofautiana kwa watengenezaji, jambo linalowachanganya wengi wanaotazama video za watu wenye ubao usiofanana na wao. Gigabyte huandika F_USB kama ulivyoona wewe, MSI huandika JUSB, na ASUS huandika USB ikifuatiwa na namba za matundu. Kati ya F_USB1 na F_USB2 chagua iliyo karibu, zote ni sawa.

Nikuambie kilichonifunza kuheshimu nafasi hizi. Nilipokuwa ningali mwanafunzi wa fundi, nililetewa kasha la zamani ambalo nyaya zake za USB hazikuwa na plagi moja. Kila waya ulikuwa na kichwa chake, na kila kichwa unakichomeka peke yake. Niliziweka kinyume, nyeusi kwenye nafasi ya 1 na nyekundu kwenye ya 7. Kompyuta iliwaka vizuri. Nikachomeka flashi ya mwenye kompyuta ili kujaribu, na nilipoigusa baada ya muda mfupi ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Zilikuwemo picha za harusi ya dada yake, na hazikupatikana tena. Tangu siku hiyo tundu jipya silijaribu kwa kitu cha mtu.

Tuje kwenye plagi ya buluu, yaani ya USB 3.0 yenye mwendo kasi. Soketi yake ina nafasi 20 na pini 19, na pini zake ni nyembamba na zimebanana kuliko zile za USB 2.0, umbali kati ya pini na pini ni milimita 2, wakati kwenye ile ndogo ni milimita 2.54. Kila safu inahudumia tundu moja la mbele. Pini uliyoieleza, ya tatu kutoka penye pengo, ni mojawapo ya nyaya za mwendo kasi za tundu la pili. Haibebi umeme wa volti 5. Unaoubeba ni ile iliyo karibu kabisa na pengo. Kwa hiyo usikate tamaa, kwani hata ingekatika, tundu hilo lingeendelea kufanya kazi kwa mwendo wa USB 2.0. Inyooshe kwa kibanio chembamba, polepole, kwa msogeo mmoja, maana chuma kinachopindwa huku na huku hukatika.

Wakati wa kuirudisha plagi, tazama ule ukingo uliotokeza ubavuni mwake na uuelekeze kwenye mwanya wa soketi. Ilaze juu ya soketi bila kusukuma, hakikisha imekaa sawasawa pande zote mbili, kisha bonyeza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho. Isiingie kwa upande mmoja kwanza. Na ugumu wa kebo yenyewe ni adui: ipitishe kwanza nyuma ya bamba la kasha, uikunje ikae kuelekea inakotakiwa, ndipo uichomeke, la sivyo itakuwa inavuta plagi upande muda wote. Siku ya kuichomoa, shika plagi yenyewe na si kebo, na kwa mkono wa pili zuia ukuta wa plastiki wa soketi, kwa sababu ukuta huo hung'oka pamoja na plagi na kuziacha pini uchi.

Mkaazi wa Fumba alijibu:

Ndugu, mimi ningeshauri njia fupi. Matundu ya nyuma yameunganishwa kiwandani kwenye ubao wenyewe na hayana hatari yoyote ya kukosea. Ziache kebo za mbele zisizokupa uhakika, ununue kigawanyio cha USB chenye waya mrefu, ukichomeke nyuma na ukiweke juu ya meza. Mimi natumia hivyo na sijapata tatizo, ingawa ni kweli kwamba vifaa vyote vya kigawanyio hugawana umeme wa tundu moja, yaani miliampia 500 kwa USB 2.0 na 900 kwa USB 3.0, na diski kubwa ya nje inaweza kulalamika.

Mwalimu wa Chake Chake alijibu:

Assalamu alaykum. Nafundisha kompyuta skuli, na mashine zetu nyingi ni za mtumba, kwa hivyo jambo hili nalijua kwa kulishika.

Kwa heshima zote kwa fundi, kibanio sikipendekezi kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza. Pini zile zimekaribiana mno, na kibanio kikiteleza hushika mbili badala ya moja. Wewe uko Pemba, mwanangu. Chukua sindano ya kushonea kofia. Hakuna nyumba itakayokosa. Iteremshe wima kati ya pini iliyolala na jirani yake mpaka ncha iguse plastiki ya chini, halafu uisogeze pini kuanzia mzizini, si kutoka kichwani. Ukiivuta kwa kichwa utaipa kona ya pili katikati, na haitaingia tena kwenye kitundu. Mweke mtu akumulikie kutoka ubavuni, kwa maana mwanga wa juu huzifanya pini zote zionekane zimenyooka. Ukimaliza, itazame safu kwa urefu wake, jicho likiwa usawa wa ubao: pini za safu moja zinapaswa kujificha nyuma ya ile ya kwanza.

La pili ni juu ya kasha lenyewe. Kasha la mtumba lililokaa kwenye hewa yetu ya chumvi linaweza kuwa na kutu ya kijani ndani ya matundu ya mbele, na kutu hiyo huunganisha vyuma visivyotakiwa kugusana. Mulika ndani ya kila tundu. Ukiona kijani au uone chuma kimojawapo kimepinda, safisha kwa brashi ndogo na spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, uache ikauke kabisa. Nimewahi kuhangaika siku nzima na mashine iliyokuwa ikiandika kwenye skrini kwamba kifaa cha USB kinavuta umeme kupita kiasi na kwamba itajizima baada ya sekunde 15, na kweli ikajizima. Nilikagua ubao mama, nikabadilisha pawa saplai, na kumbe vyuma viwili vya tundu la mbele vilikuwa vimegusana. Nilipoichomoa kebo ya mbele, mashine ikawaka bila neno.

Na la tatu, pima kabla ya kuamini. Azima mita ya umeme kwa fundi wa redio. Kompyuta ikiwa imechomolewa na plagi nyeusi ya USB haijachomekwa, weka mita kwenye kipimo cha mlio. Ncha moja iguse kitundu cha nafasi ya 1 na nyingine kitundu cha nafasi ya 7. Ikilia, simama, mna shoti. Kisha tafuta kila waya unaishia wapi kwenye tundu la mbele. Ndani ya tundu la USB 2.0 kuna vyuma vinne: viwili vya pembeni ni vya umeme na ardhi, viwili vya katikati ni vya data. Kwa kawaida nyekundu ni volti 5, nyeupe na kijani ni data, na nyeusi ni ardhi, na kwenye soketi nyaya nyeusi ndizo zinazokaa upande wa pengo. Lakini rangi zisikutoshe, maana nimeona makasha ya bei nafuu ambayo rangi zake hazikufuata utaratibu huo. Ukishawasha, pima tena kwenye tundu lenyewe: usomaji uwe kati ya volti 4.75 na 5.25, na uwe chanya. Ukiona alama ya kutoa, angalia kwanza ncha za mita hujazigeuza. Kama ziko sawa, basi nyaya ndizo zilizogeuka.

Ushauri wa kuyaacha matundu ya mbele ni mzuri kwa mtu wa nyumbani. Kwa duka linalopokea flashi siku nzima, naona haufai; kigawanyio cha mezani kitavutwa na kila mkono, na waya wake utakufa kabla ya mwaka.

Mwana wa Wete aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mwalimu na kaka fundi, na wewe ndugu wa Fumba pia. Nimefanya kila kitu jana, nikamaliza baada ya Isha, na naleta majibu.

Plagi yenye herufi moja ilikuwa ya sauti. Kitundu chake kilichozibwa kiko hatua moja ndani, na nilipoifuata kwa kidole iliishia kweli kwenye matundu ya duara. Ile isiyo na maandishi imezibwa kwenye kona, nikaichomeka F_USB1 na ikaingia kwa uzito wa kidole tu. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi, kwa sababu juzi yake nilidhani kuingia kwake kunahitaji nguvu.

Sindano niliipata kwa mama, na mama ndiye aliyeshika tochi. Pini imesimama, ingawa ukiitazama kwa makini ina kijikunjo kidogo karibu na mzizi. Plagi ya buluu niliibonyeza kwa vidole gumba viwili, nikaihisi ikizama hatua kwa hatua hadi mwisho. Ndani ya tundu moja jeusi nilikuta kijani kama alivyosema Mwalimu, nikakisafisha na kukiacha kikauke tangu alasiri.

Niliwasha bila kuchomeka chochote mbele. Hakukuja onyo lolote. Mita ilisoma volti 5.08 katika tundu jeusi la kwanza na 5.07 katika la pili, zote chanya. Nikachomeka kipanya cha zamani, kikafanya kazi katika matundu yote manne, na baada ya hapo ndipo nikachomeka flashi yangu mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Flashi yangu ni ya USB 3.0. Katika tundu la buluu la kushoto, faili la video la GB 4 lilinakiliwa kwa sekunde zisizozidi 40. Katika la kulia, faili lile lile lilichukua karibu dakika mbili. Je, ni ile pini?

Fundi wa Mlandege alijibu:

Hongera, mdogo wangu. Ndiyo, yaelekea ni ile pini, au plagi haijazama sawasawa upande ule. Tundu la kulia limeshindwa kuipata njia ya mwendo kasi, likarudi kwenye njia ya USB 2.0 ya megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5. Halina hatari kwa flashi ya mtu yeyote. Unaweza kuichomoa kompyuta ukutani na kuibonyeza plagi mara moja zaidi kwa gumba. Kama haikubadilika, usiitoe wala usiinyooshe tena pini hiyo. Imeshapindwa mara mbili, ya tatu itakatika, na kipande kilichokatika ndani ya soketi ni balaa kubwa kuliko tundu la polepole.

Mwana wa Wete aliandika tena:

Nimeibonyeza, haikubadilika, na nimeiacha. Nimeangalia flashi zilizopita dukani asubuhi hii na karibu zote ni za USB 2.0, kwa hiyo wateja hawatapungukiwa na kitu. Tundu la kushoto nimelibandikia kipande cha karatasi kilichoandikwa "video", na hayo matatu mengine ni ya kila anayekuja.